Kampeni ya Oganeli: Vile Unaeza Fundisha Seli Bila Kumtuma Mzazi Dukani Usiku

Jumapili moja saa mbili usiku dadangu alinipigia simu amechanganyikiwa, ati kijana wake ndio amekumbuka sahii kwamba kesho asubuhi anatakiwa shuleni na modeli ya seli ya mnyama, na maduka mengi mtaani yashafungwa. Akazunguka mpaka akapata plastisini, gundi na kipande cha boksi la tivii, akakaa hadi saa sita akibandika mwenyewe, mtoto amelala. Modeli ikatoka safi na ikapata maksi nzuri. Wiki iliyofuata nikiwa kwao nikamuuliza mpwa wangu, hii kitu ya rangi ya machungwa imekunjwakunjwa hapa inafanya kazi gani? Akaniambia, "Hiyo ni Golgi, anko." Nikamwambia jina nimelisoma kwa lebo, nauliza kazi. Akanyamaza.

Mimi kazi yangu ni kufunza walimu wa sayansi, taasisi yetu iko hapa Nairobi, na huo ukimya nimekutana nao kwa shule nyingi sana, za junia na za sekondari, za watu wenye pesa na za mitaani kwetu. Simlaumu mtoto hata kidogo, mwalimu pia simlaumu, manake ameambiwa CBC, ule mtaala wa umilisi wa shule za Kenya, inataka watoto wafanye vitu kwa mikono na amefanya alichoambiwa. Shida ni kwamba modeli inafunza jina na umbo peke yake. Na oganeli si umbo, oganeli ni kazi. Hizo ni sehemu ndogondogo ndani ya seli na kila moja ina jukumu lake. Kama mtoto hajui likikosekana nini kinaharibika, basi hajasoma seli, amesoma mapambo.

Kwa hivyo miaka kadhaa sasa tumekuwa tukiwaambia walimu wajaribu kitu kingine, nacho ni uchaguzi. Darasa linagawanywa makundi, kila kundi linaokota karatasi yenye jina la oganeli, na hiyo ndio mgombea wao. Kuna kiini, kuna mitokondria, ribosomu, Golgi, retikulamu, lisosomu, kloroplasti, utando wa seli na ukuta wa seli. Wanamtengenezea bango kwa manila pepa, wanamtungia slogani, wanapanda jukwaani kumuombea kura. Hakuna mtoto wa Nairobi anahitaji kuelezwa kampeni ni nini, ameona lori zenye spika zikipita mtaani tangu akiwa mdogo, na hiyo ndio sababu mradi huu unashika haraka hivi. Hakuna kununua, hakuna kwenda nayo nyumbani, kila kitu kinafanyika darasani.

Lakini hapa ndipo walimu wengi wanaachia katikati na ndio naomba mnisikize vizuri. Bango na slogani ni sehemu rahisi. Ukiishia hapo umepata modeli ile ile ya plastisini, tofauti tu hii imeandikwa kwa maka. Kinachofunza ni upinzani. Kila kundi lazima lipewe kundi lingine la kulishambulia, na sheria ni moja, shambulio liwe la kweli, liwe linaeza kuthibitishwa kwa kitabu au kwa mwalimu. Hakuna kusema ribosomu ni mbaya ju ni ndogo. Lazima utafute seli inayoishi bila huyo mgombea, au ugonjwa unaomhusu, au kitu anachojisifia na si chake. Saa hiyo utaona watoto wanasoma hadi kurasa ambazo mwalimu hajafika.

Nawapa mfano wa darasa moja nililoketi nyuma, shule moja ya Eastlands, watoto zaidi ya 60 na madawati yamebanana. Mitokondria walianza kwa nguvu, ati bila sisi hakuna nishati, hata moyo wenu unapiga kwa sababu yetu, hata wakimbiaji wetu wakifanya mazoezi ya mbali kila asubuhi misuli yao inaongeza mitokondria, na hiyo ni kweli kabisa. Darasa likapiga makofi. Kijana wa upinzani akasimama akauliza swali moja tu: "Chembe nyekundu ya damu iko na mitokondria ngapi?" Kimya. Akajijibu mwenyewe, haina hata moja, ikishakomaa haina mitokondria, haina kiini, haina ribosomu, na inazunguka mwilini kama siku 120. Sasa mbona mnasema bila nyinyi seli inakufa?

Mimi nilikuwa nimeshaandika kwa daftari langu kwamba hapo wamemalizwa. Lakini msichana mmoja akafungua kitabu, akasoma kidogo, akarudi na jibu ambalo sijalisahau. Akasema ni kweli chembe nyekundu inavunja glukosi bila oksijeni, lakini kwa kila glukosi inapata ATP, ile molekuli ya kubeba nishati ndani ya seli, 2 peke yake, na seli yenye mitokondria inapata karibu 30. Halafu akamalizia na muhogo. Nyinyi mnajua muhogo mchungu usipoloweka na kuanika vizuri unaua? Sumu yake ni sayanidi, na sayanidi inaenda moja kwa moja kwa mitokondria inafunga ile hatua ya mwisho ya kutumia oksijeni, mtu anakufa na hewa iko, na damu yake imejaa oksijeni, lakini seli haziezi kuitumia. Mtoto aliyesema hivyo mitokondria haitamtoka kichwani. Na angalia vizuri, hajasema ile sentensi ya kukariri ati mitokondria ni nyumba ya umeme ya seli, amesema inafanya nini na ikizuiwa nini kinatokea.

Sasa twende kwa ribosomu. Hawa walikuwa wamedharauliwa tangu mwanzo ju kwa mchoro wa kitabu ribosomu ni nukta tu. Ni ndogo kweli, milimita moja ukiigawa mara 40,000 ndio unakaribia upana wa ribosomu moja, hakuna hadubini ya shule inaeza kukuonyesha. Slogani yao ilikuwa "Wadogo lakini hata bakteria anatuhitaji", na hiyo ni pointi kali, manake bakteria hana kiini wala mitokondria lakini ribosomu anazo, na ndio maana dawa kama doxycycline na erythromycin zinafanya kazi, zinabana ribosomu za bakteria ambazo ni tofauti kidogo na zetu.

Halafu upinzani ukaleta kesi nzito. Wakasema ribosomu ndio hutengeneza protini, himoglobini inayobeba oksijeni kwa damu ni protini, na watu wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, himoglobini yao imeharibika, kwa hivyo ribosomu ndio wa kulaumiwa. Darasa likatulia kabisa. Selimundu si habari ya kitabuni kwa watoto hawa, kuna familia nyingi zenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani zinaishi nayo, na mwalimu aliniambia baadaye kwamba ndani ya hiyo klasi kulikuwa na mtoto aliyempoteza dadake. Naomba walimu wakumbuke hilo, ugonjwa ukitajwa darasani tujue huenda mwenyewe ameketi hapo, tuuongelee kwa heshima.

Kundi la ribosomu likaomba dakika tano. Likarudi likasema hivi, ribosomu haitungi, inasoma. Maagizo yanatoka kwa kiini, kwa DNA yenye maandishi ya kurithi, yanakuja yamenakiliwa kwa RNA, yaani nakala yake, ribosomu inasoma herufi tatu tatu inaunganisha amino asidi, vile vipande vya kujengea protini. Kwa selimundu herufi moja tu ya DNA imebadilika, na kwa mnyororo wenye amino asidi 146 ni moja tu iliyowekwa tofauti, ile ya nafasi ya 6. Ribosomu imefanya kazi yake sawasawa, ilichoandikiwa ndicho ilichojenga. Nilitamani kusimama nipige makofi. Hiyo ni mada ambayo walimu wanasema ni ngumu, kutoka kwa jeni hadi kwa protini, na watoto wa junia wameifikia wenyewe wakitetea mgombea.

Golgi nao walikuwa na historia upande wao. Daktari Mwitaliano Camillo Golgi aliona kile kitu mwaka wa 1898 kwa seli za neva za bundi alizozitia rangi ya fedha, na kwa zaidi ya miaka 50 kuna wanasayansi walikataa, wakasema hiyo ni alama tu imeletwa na rangi, hadi hadubini ya elektroni ikaja kumaliza ubishi miaka ya 1950. Watoto wakaitumia kuomba huruma za kura. Sawa, lakini mimi kilichonifurahisha ni pale walipoeleza insulini, kwamba seli za kongosho hutengeneza, na Golgi ndio inaipanga na kuifunga kwa vifuko tayari kutolewa kwa damu. Nilimkumbuka mpwa wangu.

Kloroplasti walianguka kwa kitunguu. Walikuwa wamesema kila seli ya mmea inayo. Kama shule yako iko na hadubini hata moja ya zamani fanya hivi: bandua ile ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, itandaze kwa kioo na tone la maji, weka aidini kidogo ya kwa kemisti uliyoipunguza makali, angalia kwa ukubwa wa mara 100 halafu 400. Utaona kuta zimepangana kama matofali na kiini kimoja kimoja chenye rangi ya kahawia. Kijani hakuna. Kitunguu tunachokula hakikai kwa mwanga, hakina haja ya kloroplasti, majani yake ya juu ndio yanazo. Ni mmea na hana, basi slogani yao ikabidi ifutwe na kuandikwa upya mbele ya watu. Kama hamna hadubini msiache, chukueni picha kwa simu ya mwalimu mwenye nayo mpitishe.

Wazazi nanyi mnaeza kusaidia bila kutoa shilingi. Mtoto akija nyumbani akisema yeye ni lisosomu, muulize unameng'enya nini, na kwani vimeng'enya vyako vikipasukia ndani ya seli si mnajiua? Atatafuta jibu. Akilipata atakuambia kwamba vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri mahali penye asidi, na nje ya lisosomu hapana asidi ya kutosha.

Mwisho wa yote ni kura ya siri, na hapa kuna sheria mbili. Huruhusiwi kupigia kundi lako, na kura isiyo na sababu imeharibika. Hizo sababu ndizo mwalimu anazifuata kwa udi na uvumba. Mshindi hana maana sana, siku hiyo utando wa seli ulishinda kwa sababu waliuliza tu "Bila sisi hizo zingine zingekaa wapi?" na hakuna aliyewajibu. Lakini mwalimu alipozimwaga kura kutoka kwa katoni ya viatu tukaanza kuzisoma pamoja, tukakuta kitu. Watoto wengi, hata wale werevu, walikuwa wameandika kwamba wanapigia mitokondria kwa sababu ya wanyama na kloroplasti kwa sababu ya mimea, yaani wanaamini mmea hauna mitokondria, unatumia kloroplasti badala yake. Hilo ni kosa kubwa na limejaa kila mahali, hata watu wazima wanalo. Mmea una zote mbili. Kloroplasti inatengeneza sukari mchana, mitokondria inaivunja kupata nishati mchana na usiku. Modeli za plastisini hazingetuonyesha kosa hilo, zote zingekuwa na lebo sahihi.

Jumatatu mwalimu akaja na flaski mbili za chai. Moja akaweka maharagwe yaliyoanza kuota, nyingine maharagwe yale yale lakini ameyachemsha yakafa na kuyapoesha, yote ameyasuuza na dawa ya kuua vidudu ili bakteria wasiharibu majibu, akaziba na pamba, kipimajoto kimoja kila flaski. Ndani ya flaski ni giza, kloroplasti hazina la kufanya, kwa hivyo joto likipanda ni mitokondria inavunja sukari. Akawaachia watoto wasome vipimajoto wenyewe kila asubuhi kabla ya paredi. Joto la flaski ya maharagwe yaliyokufa halikuinuka. La ile nyingine lilipanda, na siku ya tatu msichana wa ribosomu aliitoa ile pamba, akatia kidole, akaita wenzake, "Kujeni mshike, yako na joto."