Pwani Si Tambarare: Barabara ya Athens hadi Patras

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mhandisi mwenzangu kabisa: barabara ya taifa ya Athens hadi Patras, huko Ugiriki, ilipitishwa pwani kwa kuwa pwani ni tambarare na kazi ni rahisi. Hapana, jamani. Ilipita pwani kwa sababu milima haikuacha pengine pa kupita.

Chukua majabali ya pwani ya Kakia Skala, ukishaupita mji wa Megara. Jina lenyewe maana yake ni ngazi mbaya. Milima ya Geraneia inateremka hapo hadi majini. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba jambazi Skiron aliwasukumia wasafiri baharini, mpaka shujaa Theseus alipomuua. Kaisari Hadriani wa Roma aliipanua njia hiyo, magari mawili ya farasi yakaweza kupishana. Leo reli, barabara ya zamani na barabara kuu mpya zimebanana kwenye ubavu uleule, na hiyo mpya imebidi ichimbiwe mahandaki.

Kinachonikera ni hilo neno "rahisi". Ukikata mguu wa mlima upate upana wa lami, umeondoa kilichokuwa kinaushikilia. Niliposimama kwenye barabara ya zamani, wavu wa chuma ulikuwa umetuna kama gunia, umebeba mawe. Moja lilishaponyoka, liko pembeni mwa lami, kubwa kama ngumi, kingo bado kali: lilianguka juzi tu. Hesabu za mteremko tunazipiga, na kwenye karatasi zinatoka safi. Lakini zinajua nyufa tulizoziona tu. Ufa uliojificha ndani ya mwamba haumo, na mimi sijawahi kusaini mkato wa mawe ya chokaa nikalala usingizi mzuri.

Baada ya Korintho tambarare zipo, nakubali, kwenye miji ya Kiato, Xylokastro na Aigio. Ila nyingi ni changarawe na udongo ulioletwa na mito, na ardhi yenyewe haitulii. Ghuba ya Korintho inapanuka zaidi ya sentimita moja kwa mwaka upande wa Aigio. Mji wa Helike ulimezwa na bahari huko mwaka 373 KK, baada ya tetemeko. Aigio ilipigwa na tetemeko tarehe 15 Juni 1995.

Barabara kuu mpya ilifika Patras mwaka 2017, na kwa sehemu kubwa inapita upande wa mlimani, juu zaidi ya miji. Ya zamani bado iko ufukweni, milangoni mwa watu, inavuka mto mmoja baada ya mwingine. Hesabu madaraja yake kwanza, halafu uniambie habari ya urahisi.