Kulipia programu ya kupunguza uzito: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Dhana: Programu ya kulipia ina siri ambayo ya bure haina.

Haina. WeightWatchers, iliyoanza New York mwaka 1963, hugeuza chakula kuwa pointi. Noom hupanga vyakula kwa rangi na kukupa masomo mafupi kila siku. MyFitnessPal hukuhesabia kalori. Zote zinatafuta jambo moja: ule nishati pungufu ya ile mwili unayotumia. Mwaka 2005 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya watu 160 waliogawanywa katika mipango minne ya lishe, ule wa WeightWatchers ukiwemo. Baada ya mwaka mzima hakuna uliouacha mwingine mbali. Waliopungua zaidi ni walioshika mpango wao, uwe upi. Ndiyo maana nikiulizwa ipi bora, nami huuliza: ipi utaivumilia hadi Desemba? Kama unahitaji mtu wa kukuuliza kila wiki umefika wapi, kulipia mshauri au kikundi si pesa ya kutupa. Kalori peke yake utazihesabu bila kulipa.

Dhana: Programu ikisema kalori 300, basi ni 300.

Hapa ndipo tunapopotea zaidi. Jumapili moja nilikaa jikoni kwa wifi yangu mtaani Umoja, yeye anasonga ugali, mimi nina simu. Nikaandika "ugali", nikaletewa majibu kadhaa, kila moja na namba yake, na kipimo eti kikombe. Nani hapa Nairobi hupima ugali kwa kikombe? Kwenye programu kama MyFitnessPal watumiaji wenyewe huweza kuongeza vyakula, na makosa yao yanabaki humo.

Tukaiweka simu kando. Unga aliotumia ulikuwa nusu kilo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360, kwa hiyo sufuria nzima ilikuwa na 1,800, na maji hayaongezi kitu. Tulikuwa wanne: 450 kwa kila sahani. Ikaja zamu ya sukuma wiki, ambayo simu ilikuwa imeiandika kama majani matupu. Wifi huyamimina mafuta kutoka kwenye chupa moja kwa moja. Nikamwomba siku hiyo ayapitishe kwenye kijiko kikubwa kwanza.

"Wee! Kumbe ni vijiko vinne?"

Kijiko kimoja kina kalori kama 120. Vinne ni 480, zaidi ya ugali wa mtu mmoja, na programu haikuyaona kabisa. Kabla ya kulipa chochote, tafuta kwanza humo githeri, mukimo na omena uone unapata nini. Serikali ya Kenya na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, zilitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vyetu mwaka 2018, pamoja na kitabu cha mapishi, na vyote vinapatikana bure mtandaoni.

Dhana: Ukiifuta kwenye simu, umejitoa.

Imani hii ilinigharimu miezi miwili. Nilijaribu programu moja ya "siku 14 bure", nikaifuta siku ya kumi, lakini jumbe za kukatwa pesa kwenye kadi zikaendelea kuingia. Kuifuta hakusitishi malipo. Ingia Play Store au App Store, fungua sehemu ya usajili, usitishe hapo. Kama ulilipia kwenye tovuti yao, sitisha hukohuko. Malalamiko haya si ya kwetu tu: mwaka 2022 Noom ilikubali kutoa dola milioni 62 kumaliza kesi ya wateja Marekani kuhusu usajili unaojirudia wenyewe. Angalia pia bei "kwa mwezi". Mara nyingi unatakiwa ulipe mwaka mzima kwa mkupuo, tena kwa dola.

Dhana: Mshauri wa ndani ya programu ni mtaalamu wa lishe.

Wengine ndio, wengine sio. Kenya wataalamu wa lishe husajiliwa na taasisi yao, KNDI, kwa hiyo muulize namba yake ya usajili. Mjamzito, au mwenye kisukari anayejidunga insulini, asianze na simu, aanzie kliniki.

Dhana: Kilo zikirudi, ulizembea.

Hili linaniuma, kwa sababu linawafunga watu midomo. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko awali, huku homoni za njaa zikipanda, na hali hiyo inaweza kuendelea mwaka mzima na zaidi. Dadangu alipunguza kilo tisa, sita zikarudi, akaona haya hata kufungua kikundi chake. Hakuwa amezembea, miezi mitatu aliyolipia iliisha, nayo njaa ikabaki. Sasa anaandika anachokula kwenye daftari la mwanawe, na kila Ijumaa jioni ananipigia kunisomea.