Dripu nyeupe ya mafuta na mapafu ya mgonjwa: maswali ya ndugu wodini

Hiyo dripu nyeupe kama maziwa ni nini?

Ni mafuta, mara nyingi ya soya, yaliyofanywa matone madogo mno na kuchanganywa na maji. Kinachoyashikanisha hutoka kwenye kiini cha yai, kwa hiyo kama mgonjwa wenu hudhuriwa na mayai, soya au karanga, semeni kabla haijawekwa. Hupewa mtu ambaye tumbo lake bado haliwezi kupokea chakula cha kumtosha: mtoto njiti, au aliyepasuliwa utumbo. Maziwa si dripu. Hata ya mama hayaingii mshipani kamwe. Mrija wa puani hupeleka maziwa tumboni, wa mkononi huingia mshipani; ni vitu viwili tofauti.

Mafuta ya mshipani yanahusiana vipi na mapafu?

Damu inayorudi kutoka mwilini hupita kwanza mapafuni, na mafuta yaliyomo hupita nayo. Yakiingia polepole, kimeng'enya (kemikali ya mwili inayovunja chakula) kilicho kwenye kuta za vishipa huyavunja na mwili ukayatumia. Wagonjwa wengi hawapati shida yoyote. Yakiingia kwa kasi, kimeng'enya huzidiwa. Mafuta hujaa kwenye damu, mishipa ya mapafu hutanuka au kubana isivyotakiwa, na damu hupita bila kuchukua oksijeni ya kutosha. Mwenye nimonia kali, maambukizi ya damu au mapafu machanga huumia mapema zaidi. Ndiyo maana watengenezaji waliandika onyo kwenye dawa hizi kuhusu watoto njiti waliofariki wakakutwa na mafuta kwenye vishipa vya mapafu.

Dripu inakwenda taratibu sana. Tukiifungulia kidogo, si atapata nguvu haraka?

Hapana. Mtoto wa kilo 1 kwa kawaida hapewi hata mililita 1 kamili kwa saa ya dripu yenye mafuta asilimia 20. Hiyo mnayoiona imesimama haijasimama. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu saa 8 au zaidi kumaliza mfuko wa mililita 250. Taratibu ndiyo dawa yenyewe.

Lakini dripu ya maji huwa tunaona inafunguliwa kabisa.

Hayo ni maji na chumvi, tena hufunguliwa na mhudumu mwenye sababu. Haya ni mafuta. Kila wiki mtu hukizungusha kile kigurudumu cha kwenye mrija kinachopanga kasi "ili iishe turudi nyumbani", au hubonyeza pampu, ile mashine inayosukuma dripu, kwa kuwa inalia. Tafadhali, naomba kwa heshima zote: msikiguse. Pampu ikilia, iteni nesi. Dripu ikiziba, iteni nesi. Ikionekana imechelewa saa tatu, bado iteni nesi. Na wenzangu wauguzi, iliyochelewa haifidiwi kwa kuongeza kasi usiku. Tunaendelea na kasi ileile iliyoandikwa na kumweleza daktari.

Dalili gani zitatuonyesha mapafu yanalemewa?

Kupumua haraka, kifua kubana, midomo kubadilika rangi, namba ya oksijeni kushuka kwenye kipimo. Kwa mtoto, pua hutanuka na mbavu huzama kila anapovuta pumzi. Wakati mwingine husahau kupumua. Homa na kutetemeka pia.

Tusubiri raundi ya daktari asubuhi?

Msisubiri. Ikiwa ni saa nane usiku, mwamsheni nesi saa nane usiku. Hakuna atakayewagombeza, na akiwagombeza bado mtakuwa mmefanya sawa. Dripu inaweza kusimamishwa, oksijeni ikaongezwa, damu ikapimwa kiwango cha mafuta. Ninachokiona mara nyingi ni ndugu aliyekaa kando ya kitanda akimfuta mgonjwa jasho, akidhani ni uchovu, hadi kunakucha.

Basi bora tuikatae?

Hapana. Mtoto njiti asiyepata mafuta hukosa nguvu na mafuta muhimu yanayojenga ubongo. Ulizeni kasi iliyoandikwa, na lini ataanza maziwa, kwa sababu tumbo likianza kufanya kazi dripu hupunguzwa.

Mtu wetu ameshaifungulia. Tuirudishe tu kimyakimya?

Ifungeni, kisha mwiteni nesi hapohapo, hata kama mgonjwa anaonekana mzima. Mwambieni ilifunguliwa saa ngapi na mfuko ulikuwa umebaki kiasi gani. Bila hayo tutamtibu kwa kubahatisha.