Je, wajua? Hata Mnavajo angesikia asingeelewa

Mimi nilikuwa najua hivi: Vita vya Pili, Wamarekani wanapambana na Wajapani huko Pasifiki, wanawapa redio Wanavajo (kabila la wenyeji asilia wa Marekani), jamaa wanapiga stori kwa lugha yao, Mjapani anaambulia patupu, basi. Nilishawahi hata kubishana kijiweni. Kumbe nilishika nusu tu.

Maana ingekuwa hivyo tu, Wajapani wangeelewa, walikuwa na Mnavajo mkononi kabisa. Joe Kieyoomia, mwanajeshi wa Marekani aliyetekwa Ufilipino 1942, walimtesa awatafsirie walichonasa redioni. Anasikia maneno ya lugha aliyonyonya kwa mama yake, ila hayashikani.

Sasa we fikiria unanasa sauti, Kiswahili safi, inasema: "kobe wawili, leta viazi, samaki wa chuma anakuja". Kila neno unalijua na bado huna kitu. Wanavajo 29 wa kwanza walioingia Marines (kikosi cha wanamaji wa Marekani) 1942 ndio walikaa wakayapanga: kobe ni kifaru, viazi ni mabomu ya mkono, samaki wa chuma (besh-lo) ni nyambizi. Na tusiwacheke na kobe wao, sisi wenyewe dude lile tumeliita jina la mnyama.

Utamu uko kwenye majina ya sehemu, yale yasiyo na neno lake, inabidi uyataje herufi kwa herufi. Unataka A? Unasema wol-la-chee, yaani sisimizi. Wa upande wa pili anamgeuza sisimizi kichwani kuwa Kiingereza, anachukua herufi ya kwanza, ndo A hiyo. Baadaye wakaona A inajirudia sana, mtu akihesabu atashtuka, wakaongeza tufaha na shoka, nazo kwa Kiingereza zinaanza na A, unachagua yoyote. Kwa hiyo ujue Kinavajo, ujue Kiingereza, na uwe umekariri orodha, maana vitani hakuna kwenda na daftari.

Kwenye mapigano ya kisiwa cha Iwo Jima, Japani, 1945, Wanavajo sita wa redio wanatajwa kupitisha ujumbe zaidi ya 800 bila kosa. Hilo la "bila kosa" ni maneno ya afisa wao mwenyewe, kwa hiyo lipokee kama sifa ya bosi kwa vijana wake.

Vita ikaisha, wakarudi nyumbani wameambiwa wafunge mdomo. Siri ikafunguliwa 1968, miaka 23 baadaye.