Je, wajua kwa nini wimbo wa 1985 ulifika namba moja Uingereza mwaka 2022?

Ijumaa ya tarehe 17 Juni 2022, kileleni mwa chati rasmi ya nyimbo ya Uingereza alikaa mwanamama wa miaka 63 ambaye hakuwa ametoa albamu ya nyimbo mpya tangu 2011. Ni Kate Bush, na wimbo wenyewe, "Running Up That Hill", ulitoka Agosti 1985. Wakati ule ulifika namba tatu, ukateremka. Miaka 37 ikapita. Hakuna wimbo mwingine uliokuwa umechukua muda mrefu hivyo, tangu kutolewa hadi kuongoza chati hiyo.

Ukiuliza sababu, wengi watakujibu kwa neno moja: Netflix. Mei 2022 msimu wa nne wa tamthilia ya Stranger Things ulianza kuonyeshwa, na wimbo ulikuwemo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijitoshelezi. Mwaka 2012 wimbo huohuo, ukiwa umechanganywa upya, ulipigwa kwenye sherehe ya kufunga Olimpiki ya London huku dunia nzima ikitazama. Ukapanda hadi namba sita, basi. Kuonekana kwenye skrini kubwa peke yake hakukutosha.

Tofauti ya kwanza ni kazi uliyopewa wimbo. Ndani ya tamthilia kuna msichana anaitwa Max, amefiwa na kaka yake wa kambo, na majonzi yanamtafuna. Linakuja jitu linalowinda watu waliojaa huzuni na hatia. Rafiki zake wanagundua kwamba wimbo anaoupenda unaweza kumrudisha, wanamvalisha vipokea sauti, kanda inazunguka, naye anakimbia kuelekea sauti hiyo hadi anaokoka. Hadithi imewekwa mwaka 1986, kwa hiyo kanda ya Kate Bush masikioni mwa msichana wa shule ni jambo la kawaida kabisa. Mtazamaji hakusikia kipande kikipita nyuma ya maongezi. Alisikia kamba iliyomvuta mtu kutoka shimoni, na iliendelea kurudi katika sehemu zilizofuata. Kate, ambaye huchagua sana nani atumie kazi zake, alikuwa tayari mpenzi wa tamthilia hiyo, akakubali.

Tofauti ya pili wengi hawaijui, nami naona ndiyo inayofaa kuelezwa polepole. Chati ya Uingereza haihesabu nakala zilizonunuliwa tu, inahesabu pia mara ambazo wimbo umechezwa mtandaoni. Kwa wasikilizaji wanaolipia huduma, wimbo mpya ukichezwa mara 100 unahesabiwa kama umeuzwa nakala moja. Kwa wanaosikiliza bure pamoja na matangazo, inatakiwa mara 600. Tangu 2017 kuna kanuni ya kuzuia nyimbo za zamani zisiwazibie njia wapya: wimbo mkongwe unahitaji kuchezwa mara mbili zaidi, yaani 200 na 1,200. Kila mtu anayeusikiliza anahesabiwa nusu mtu.

Mwanzoni mwa Juni hiyo, Kate alikuwa namba mbili nyuma ya Harry Styles, ambaye wimbo wake mpya ulikuwa umeshikilia usukani kwa wiki kumi. Kwa kusikilizwa, wimbo wa 1985 ulikuwa mbele. Kwa hesabu ya kanuni, ulikuwa nyuma. Ndipo waendesha chati wakauondoa kwenye kanuni ya wakongwe, kwa kuwa ulikuwa unapendwa upya kama wimbo uliotoka jana. Wiki iliyofuata ukapanda hadi namba moja, ukakaa hapo wiki tatu. Marekani, ambako mwaka 1985 ulikuwa umeishia namba 30, safari hii ulifika namba tatu.

Lakini kanuni ikilegezwa na tamthilia ikapendwa, bado lazima kuwe na wimbo wenye nguvu ya kumshika kijana aliyezaliwa miaka ishirini na zaidi baada yake. Hapo inabidi turudi nyuma, tukamtazame mtunzi.

Alizaliwa 30 Julai 1958, huko Bexleyheath, Kent. Baba yake alikuwa daktari, mama yake muuguzi kutoka Ireland, na kaka zake walikuwa watu wa muziki na mashairi. Akiwa na miaka 13 alikuwa ameshatunga wimbo ambao baadaye uliingia kwenye kumi bora. David Gilmour wa kundi la Pink Floyd alizisikia kanda zake, akalipia rekodi za kuwaonyesha wenye kampuni za muziki, na mojawapo, EMI, wakamsaini angali kijana sana. Hawakuharakisha kutoa nyimbo zake. Walimwacha asomee dansi na kuimba kwenye baa pamoja na bendi ndogo, na uvumilivu huo wa kampuni unastahili sifa.

Ulipofika wakati wa kutoa wimbo wa kwanza, kampuni ilikuwa na chaguo lake. Yeye alikuwa na lake: "Wuthering Heights", alioutunga kutokana na riwaya ya Emily Brontë, mwandishi ambaye alizaliwa tarehe hiyohiyo ya 30 Julai, miaka 140 kabla yake. Alisimama kidete, akashinda. Machi 1978, akiwa na miaka 19, aliwaondoa ABBA kileleni na kukaa hapo wiki nne. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuongoza chati ya Uingereza kwa wimbo alioutunga mwenyewe.

Mwaka uliofuata alifanya ziara yake pekee. Kwa kuwa alitaka kucheza dansi huku anaimba, fundi wake alipinda waya wa henga ya nguo na kuufunga maikrofoni, ikakaa mbele ya mdomo, mikono ikabaki huru. Baada ya hapo hakupanda jukwaani kwa onyesho kamili hadi 2014, alipofanya usiku 22 London.

Kitu kilichobadilisha maisha yake ni albamu ya 1982, The Dreaming. Aliizalisha mwenyewe, akihama kutoka studio moja ya kukodi hadi nyingine. Saa ya studio ni pesa, na mtu anayeitafuta sauti ambayo bado hajui inafananaje hawezi kuipata huku akitazama saa ya ukutani. Albamu haikuuza kama ilivyotarajiwa. Basi 1983 akarudi nyumbani kwa wazazi, kwenye nyumba ya zamani ya shamba alikokulia kusini mashariki mwa London, akaligeuza ghala kuwa studio yake. Hakuna wa kumdai kodi, hakuna wa kumgongea mlango.

Humo alikaa na Fairlight, kinanda cha kompyuta kilichoundwa Australia. Unarekodi sauti yoyote, hata ya kioo kinachovunjika, kisha unaipiga kwenye vibonyezo kama noti. Sauti ile inayolia mwanzoni mwa "Running Up That Hill", ambayo wengine hudhani ni pembe au mtu, ni ya chelo iliyopitishwa kwenye mashine hiyo. Mpiga besi wake, Del Palmer, aliupanga mdundo kwenye mashine ya ngoma, ukienda mbio kama farasi na bila kupumzika. Paddy, kaka yake Kate, akaongeza balalaika, ala ya nyuzi ya Kirusi. Ukiusikiliza leo huwezi kuuweka kirahisi katika muziki wa miaka ile, kwa sababu haukutengenezwa kwa kufuata mtindo wa studio ya mtu mwingine.

Rekodi yenyewe ni mali yake, kupitia kampuni yake. Wasanii wengi wa umri wake, wimbo ukifufuka, hupata sehemu ndogo ya mirabaha. Kwake mambo yakawa kinyume.

Jambo moja tu alilegeza. Maneno ya wimbo yanamwazia mwanamke na mwanamume wanaopendana lakini hawaelewani. Kama wangeweza kuafikiana na Mungu wabadilishane nafasi, kila mmoja angejua uzito wa mwenzake. Ndiyo maana jina alilolitaka lilikuwa "A Deal with God". Kampuni ikahofia kwamba redio za nchi kadhaa zenye watu washika dini zingekataa kuupiga kwa ajili ya neno Mungu. Albamu iliyotangulia haikuwa imeuza vizuri, akaona asihatarishe albamu hii mpya, akakubali. Jina lake halisi likabaki kwenye mabano.