Wimbo Mmoja, Mali Mbili: Dhana Potofu Kuhusu Mtunzi Huru wa Kantri

Mwezi uliopita alifika ofisini kwangu Nairobi kijana mtunzi wa nyimbo za kantri, gita begani, mkononi mkataba wa kurasa tatu aliokwisha kuutia saini. Kifungu cha nne kilimpa prodyuza haki zote za wimbo, milele. Nilipomuuliza ameuza nini, alinijibu kama wanavyonijibu karibu wote: ametoa rekodi tu, wimbo ungali wake kwa kuwa ndiye aliyeuimba. Dhana hiyo imenichosha, kwa sababu inawafukarisha watu wenye vipaji huku wakijiona wako salama.

Ukweli ni kwamba kila wimbo uliorekodiwa ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa studioni. Kila moja huweza kuuzwa, kukodishwa au kurithiwa bila nyenzake. Nchini Marekani, kitovu cha muziki huu, redio za AM na FM zikipiga wimbo hulipwa mtunzi na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia haki na mapato ya utunzi, ilhali mwimbaji na mwenye rekodi hawapati hata senti. Kwa hiyo mwimbaji aliyeuza utunzi wake wote anaweza kusikika redioni kutwa nzima, asilipwe chochote.

Tazama alivyofanya Dolly Parton, mwimbaji na mtunzi wa kantri wa Marekani. Mwaka 1966 yeye na mjomba wake, Bill Owens, walianzisha kampuni ya kusimamia tungo zao. Elvis Presley alipotaka kurekodi “I Will Always Love You”, ambao Parton alikuwa ameutoa mwaka 1974, meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, alidai nusu ya haki za uchapishaji. Parton alikataa, ingawa amesimulia kwamba alilia kwa kuikosa nafasi hiyo. Mwaka 1992 Whitney Houston aliurekodi kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard, na mapato ya utunzi yakamwendea Parton japo sauti haikuwa yake. Nasisitiza kwamba alipokataa, Parton alikuwa chini ya kampuni kubwa ya kurekodi. Uhuru wake ulikuwa katika utunzi, mahali ambapo wateja wangu huwa wa mwisho kupaangalia.

Wengine hudhani kuwa huru ni kufanya kila kitu peke yako. Sivyo: mtunzi na mwimbaji John Prine, aliyewahi kuwa tarishi wa posta, alianzisha kampuni yake ya kurekodi, Oh Boy Records, mwaka 1981, lakini akiwa na meneja wake, Al Bunetta, na Dan Einstein. Wapo pia wanaongoja miaka wapate fedha za studio ya kifahari, ilhali albamu ya mwimbaji wa kantri Sturgill Simpson ya mwaka 2014 iligharimu takriban dola 4,000 kurekodiwa. Na kupandisha wimbo mtandaoni si kuusajili: msambazaji, yaani kampuni inayoupandisha, hushughulikia rekodi, nao utunzi husajiliwa kivyake katika chama cha watunzi.

Ushauri wangu haubadiliki: kabla hamjatoka studioni, andikeni kwenye karatasi nani ametunga nini na kwa asilimia ngapi, kila mmoja atie saini na kuchukua nakala. Kijana wa gita hakuwa na karatasi hiyo. Tumemwandikia prodyuza kuomba kifungu cha nne kirekebishwe kihusu rekodi pekee, na hadi leo hajajibu.