Kodi iliyozaa tamthilia fupi za Australia

Ninapofundisha uandishi wa tamthilia, wanafunzi huniuliza iweje Waaustralia wa miaka ya 1980 watoe tamthilia fupi za televisheni (miniseries) nyingi kiasi kile. Hutegemea nizungumzie vipaji. Mimi huanza na kodi.

Mwaka 1981 Australia ilianzisha nafuu ya kodi iliyojulikana kwa jina la kifungu chake cha sheria, 10BA. Aliyewekeza dola 100 kwenye filamu aliruhusiwa kuondoa dola 150 katika mapato yake yanayotozwa kodi. Kwa tajiri aliyekuwa akikatwa asilimia 60 katika daraja la juu, hizo ni dola 90 za kodi ambazo hazilipi tena; fedha aliyoihatarisha hasa ilikuwa dola 10. Nafuu hiyo ilihusu filamu na tamthilia fupi. Tamthilia ndefu za kila wiki hazikuwemo. Ndiyo maana mitaji ikakimbilia hadithi za saa chache zenye mwanzo na mwisho.

Nyingi zilikuwa nyepesi, sizitetei. Ninayoirudia kila mwaka darasani ni The Dismissal, ya saa sita, iliyotengenezwa na Kennedy Miller, kampuni ya filamu za Mad Max, na kurushwa na kituo cha televisheni cha Network Ten Machi 1983. Inahusu Gough Whitlam, waziri mkuu aliyefukuzwa kazi na Gavana Mkuu, yaani mwakilishi wa Malkia, Sir John Kerr, tarehe 11 Novemba 1975, baada ya upinzani wa Malcolm Fraser kukwamisha bajeti katika Seneti.

Kila Mwaustralia alijua mwisho wake. Mwandishi afanyeje hapo? Anapeleka mvutano kwenye siri: nani anajua nini, na nani amefichwa. Kerr aliteuliwa kwa pendekezo la Whitlam mwenyewe, na Whitlam hakudhani mtu huyo angemgeuka. Siku yenyewe, Whitlam alipofika kwenye makazi ya Gavana Mkuu, Fraser alikuwa tayari mle ndani, anasubiri chumba kingine. Mtazamaji anayelijua hilo mapema huumia kwa kila tabasamu la Whitlam. John Meillon anamwigiza Kerr kwa namna inayonifanya nimhurumie na kumkasirikia papo hapo.

Waongozaji walikuwa watano, lakini kazi haionyeshi viraka. Naamini siri ni warsha: George Ogilvie, mtu wa jukwaani, aliwaweka waigizaji na waongozaji pamoja kabla ya kamera kuwashwa. Ningependa watayarishaji wetu watenge muda wa namna hiyo, hata wiki moja tu.

Kampuni hiyo ikaendelea na Bodyline mwaka 1984, kisha Vietnam mwaka 1987, ambamo Nicole Kidman alikuwa bado kijana. Wakati huo nafuu ya kodi ilikuwa imeshapunguzwa mara mbili. Mwaka 1988 ikashushwa hadi asilimia 100, yaani dola 100 kwa kila dola 100 iliyowekezwa, na serikali ikaunda shirika la kufadhili filamu moja kwa moja. Mwenye nafasi ya kutazama moja tu atazame The Dismissal, daftari likiwa mkononi.